Jungu Kuu na Ukoko Wake: Historia ya Jiko la Pwani Katika Neema na Dhiki

Utangulizi

Wahenga walisema: jungu kuu halikosi ukoko. Methali hii aghalabu hutumiwa kuwasifu wazee, kwa maana kwamba mtu aliyeishi miaka mingi hakosi jambo la kuwafaa walio nyuma yake. Katika makala haya tunakusudia kuirudisha methali hiyo mahali ilikozaliwa, yaani jikoni, na kuuliza swali ambalo sisi wanafunzi wa lugha hatujaliuliza vya kutosha: katika jungu la nyumba ya Mswahili kumebaki nini kinachoweza kumfaa mwanahistoria?

Rai tutakayoitetea ni kwamba msamiati wa upishi wa nyumbani ni hati ya historia ya jamaa, na kwamba hati hiyo haisomeki sawasawa mpaka jina la chakula liwekwe pamoja na siku kilipopikwa. Chakula kimoja chaweza kuwa tunu katika nyumba hii na kumbukumbu ya njaa katika nyumba ya pili. Mwenye kuandika kwamba muhogo ni mmea wenye mizizi inayoliwa, akaishia hapo, hajasema uongo. Lakini ameuacha ukoko chunguni.

Yafaa tukumbuke ni nani walioziandika kamusi zetu za mwanzo. Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na kamusi yake ikachapishwa mwaka 1882, baada ya kifo chake. Kamusi ya Padri Sacleux ilianza kutoka mwaka 1939, mwaka uo huo iliotoka ile ya Johnson. Hizi ni kazi kubwa, na hakuna miongoni mwetu asiyezitegemea. Hata hivyo, watungaji wake walikuwa wanaume, tena wageni, na mwanamume mgeni hakuweza kuupita ukumbi wa nyumba ya mawe hadi kufika kidari cha meko, kule juu ambako moshi ulipata njia ya kutokea. Maneno ya bahari, ya biashara, ya sheria na ya dini aliyasikia kwa masikio yake. Maneno ya jikoni mengi yalimfikia kwa kusimuliwa.

Mwandishi wa makala haya hana haki ya kuwalaumu. Nilipokuwa nikisomea shahada ya pili ng'ambo, mwalimu wangu alinitaka nimwandikie vitenzi vya upishi vya lugha niliyolelewa nayo. Nilimwandikia kumi na viwili, nikadhani nimemaliza. Nilipokuja Mombasa kwa likizo, nilimsomea nyanya yangu orodha hiyo huku akikuna nazi. Aliisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Mwasomani huko chuoni, mwanangu?" Kabla ya adhana ya adhuhuri alikuwa amekwisha kuniongezea vingine kumi na saba.

Jiko na Jamaa

Tuanze na tabaka la chini kabisa la msamiati huu, ambalo ni la Kibantu. Neno jiko, ambalo wingi wake ni meko, lina ndugu katika lugha nyingi zilizo mbali na pwani. Wakikuyu husema riko. Wazulu na Waxhosa husema iziko, na Wanyarwanda vilevile. Kadhalika figa, moja katika mawe matatu yanayobeba chungu, ni neno moja na ihiga la Kikuyu, ambalo maana yake ni jiwe, na amahiga ya lugha za Maziwa Makuu. Maneno haya yalikuwako kabla ya kuwako mji wowote wa mawe katika pwani yetu. Waliojenga Shanga, Manda na Mombasa walikuja na mafiga yao katika lugha yao.

Jambo la kuzingatia ni kwamba maneno haya hayakubaki majina ya vitu tu. Mwanamume anayeoa husemwa kuwa amepata jiko. Watu wanaohimizana kushirikiana huambiana kwamba jifya moja haliinjiki chungu. Kwa hiyo katika fikira za Waswahili jamaa haikupewa mfano wa nyumba yenye kuta na paa, bali mfano wa moto uliozungukwa na mawe matatu. Nyumba yaweza kuwa na vyumba vingi na ikawa na jamaa moja. Na yaweza kuwa na meko mawili, kila mtu akajua kuwa mna jamaa mbili. Ndiyo sababu ndugu wanapogawana meko majirani huulizana kwa sauti ya chini kumetokea nini.

Vitenzi navyo vina utaratibu wake. Chungu huinjikwa, au huteleka kwa wenye kusema kuteleka, na kinapoiva huepuliwa. Ugali husongwa, wali hupikwa, uji hukorogwa, mboga hutiwa nazi. Wali unapokaribia kukauka hupaliwa, yaani makaa ya moto huwekwa juu ya kifuniko ili joto lishuke kutoka juu kama linavyopanda kutoka chini. Katika kitenzi hicho kimoja mna elimu nzima ya upishi wa mchele kwa kuni na makaa. Siku hizi katika nyumba zenye jiko la gesi kitenzi hicho hakina kazi, na kitenzi kisichokuwa na kazi hakidumu. Nimewauliza wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza maana ya kupalia, na wengi wamenijibu kuwa ni kukwama kwa chakula kooni. Hawakukosea; ila wamebakiwa na maana ya balaa, ile ya neema imewapita.

Nazi nayo ina msamiati wa peke yake: mbuzi ya kukunia, kifumbu cha kukamulia, chicha kinachobaki, na tui lenyewe, ambalo la kwanza na zito huitwa kasimile. Mpishi hodari hujua lipi litangulie chunguni na lipi lingoje mpaka moto upunguzwe. Tutalirudia jambo hili mwishoni.

Vilivyokuja na Bahari

Wanaakiolojia waliochunguza mbegu zilizoungua katika kisiwa cha Pemba wametupa jambo la maana. Huko Tumbe, mji uliokaliwa baina ya karne ya 7 na ya 10, nafaka iliyotawala ni uwele. Huko Chwaka, mji wa baadaye uliodumu tangu karne ya 11 hadi ya 16, mchele ulichukua nafasi ya kwanza. Basi wali, ambao leo tunauona kuwa ndio chakula chenyewe cha Mswahili, ulikuwa na mwanzo wake, na kabla yake palikuwa na chakula kingine. Uwele na mtama havikutoweka; vilibaki katika mkate wa mofa, ambao ndugu zetu Wasomali nao wanao kwa jina la muufo.

Lugha iliupokea mchele kwa mikono miwili. Mmea ukaitwa mpunga, nafaka mchele, chakula kilichoiva wali, na kilichogandama chini ya chungu ukoko. Maneno hayo si ya mkopo wa Kiarabu wala wa Kiajemi. Mgeni akipewa majina manne ya kienyeji katika nyumba, huyo hakuja kupita njia.

Ibn Battuta, aliyepita pwani hii mwaka 1331, anatusaidia kuona meza za watu wa wakati wake. Anaeleza kwamba Mogadishu alikirimiwa wali uliopikwa kwa samli na kuwekwa katika chombo kikubwa cha mti, pamoja na kitoweo cha kuku, nyama, samaki na mboga. Kando yake palikuwa na ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na achari za ndimu, tangawizi mbichi na maembe. Chombo kile cha mti si kingine ila ndugu ya chano tunachokijua. Alipofika Mombasa, anasema, aliwakuta watu ambao chakula chao kikubwa kilikuwa ndizi na samaki, na nafaka ikiletewa kutoka sehemu nyingine za pwani. Huo ni ushahidi wa tofauti ya neema baina ya mji na mji, na ushahidi kwamba tangu zama hizo Mombasa haikujitosheleza kwa chakula chake. Njaa za baadaye zilikuwa na mizizi mirefu.

Wareno walifika mwaka 1498, na utawala wao Mombasa ukaisha mwaka 1698 ngome yao ilipotekwa na Waomani. Jikoni mwetu wameacha meza, kopo, nanasi, na leso ambayo mama hujifunga kiunoni kabla hajaushika mwiko. Katika zama zao mimea ya Marekani iliingia Afrika ya Mashariki: muhogo, mahindi, nyanya, pilipili za kuwasha. Lakini hapa mwenye kuchunguza asili ya maneno hana budi awe mwangalifu. Neno mahindi ladai kwamba nafaka hiyo ilitoka Bara Hindi, na sote twajua haikutoka huko. Je, neno limesema uongo? La. Kwa Mswahili wa wakati ule, kitu kigeni kilichokuja na jahazi kilikuwa cha Kihindi, na jina likakata shauri. Jina la chakula halitwambii daima kilikozaliwa. Mara nyingi latwambia waliokipokea walidhani kimetoka wapi.

Kutoka Uajemi, Uarabuni na Bara Hindi vikaja pilau, biriani, sambusa, achari, chapati, kachumbari, na mahamri ambayo jina lake latokana na neno la Kiarabu lenye maana ya chachu. Sufuria nayo imetoka katika neno la Kiarabu la shaba ya manjano, ingawa sufuria za leo ni za madini mengine. Vyungu vya udongo vikaanza kusukumwa kando, na pamoja navyo majina ya vyungu.

Aliyepika Alikuwa Nani?

Hapa ndipo mazungumzo ya fahari kuhusu mapishi ya pwani hupenda kunyamaza. Hatuna budi tuseme.

Katika karne ya 19 nyumba kubwa za Lamu, Mombasa, Malindi na Unguja zilihudumiwa na watumwa. Malindi ilipofufuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1860 chini ya himaya ya Sultani Majid, mashamba yake yalitoa mtama na ufuta kwa wingi, na shehena zikapelekwa Uarabuni. Jasho lililoyalima mashamba hayo lilikuwa la watumwa waliotekwa bara, na chakula chao wenyewe kwa sehemu kubwa kilikuwa muhogo walioupanda katika vishamba vidogo walivyoachiwa. Mtama ukasafiri, muhogo ukabaki na aliyelima.

Utendi wa Mwana Kupona, ambao kwa kawaida husemwa kuwa ulitungwa mwaka 1858, ni wasia wa mama mgonjwa kwa binti yake kuhusu maisha ya nyumbani. Wasomi wameujadili kwa upande wa dini, wa sanaa na wa nafasi ya mwanamke. Nasi twaomba usomwe tena kwa upande wa jikoni. Msomaji atakuta mengi kuhusu namna ya kumtunza mume, lakini hatafunzwa kupika. Tena atakuta mama anamwonya binti yake asichangamane na watumwa isipokuwa wakati wa kazi. Maneno hayo machache yana habari kubwa. Kazi ilikuwako, na mikono iliyoifanya ilikuwako. Lakini mikono hiyo haikuandika utendi.

Nusu karne baadaye Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alieleza desturi za kuzaliwa, za arusi, za matanga na za utumwa katika kitabu cha Desturi za Wasuaheli kilichotolewa na Velten mwaka 1903. Hapo wajakazi wanaonekana zaidi. Hali ya utumwa ilikomeshwa kisheria Unguja mwaka 1897 na katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Wengi wa wanawake waliopata uhuru wao walibaki mijini, wakaolewa, wakazaa, na wajukuu wao leo ni Waswahili kama Waswahili wengine. Basi tunaposema kwamba mapishi fulani tumeyarithi kwa nyanya zetu, yatupasa tukubali kwamba baadhi ya nyanya hao walifika jikoni kwa kununuliwa. Ladha ya mchuzi wetu ni yao pia. Jambo hili halipunguzi heshima ya mapishi yetu. Laongeza deni letu.

Miaka Iliyopewa Majina

Watu wa mji huihesabu miaka kwa tarakimu. Watu wa mashambani waliihesabu pia kwa njaa. Jirani zetu Wamijikenda waliita Mwakisenge ile njaa ya mwaka 1884, na kumbukumbu zake ni nzito. Wazazi walioishiwa na kila kitu waliwaweka watoto wao rahani kwa watu wa pwani ili wapate nafaka, wakitumaini kuwakomboa mvua itakaporejea. Wengine waliwakomboa. Wengine walirudi na nafaka wasimkute mtoto, kwa kuwa rahani ilikwisha kugeuzwa biashara. Kwa hiyo mwaka huo kulikuwa na vyungu vilivyoinjikwa Mombasa kwa mikono ya watoto ambao mama zao walikuwa hai, mwendo wa siku mbili tu kutoka hapo.

Njaa iliyoanza mwaka 1898 waliiita Magunia, kwa sababu ya magunia ya chakula cha msaada yaliyoletwa. Huo ulikuwa wakati reli ya Uganda ikijengwa, tangu 1896 hadi 1901, na zaidi ya vibarua 30,000 wakaletwa kutoka Bara Hindi. Jina Magunia lina ufasaha wa ajabu. Halikutaja ukame, wala nzige, wala kifo. Limetaja chombo. Mtu aliyezoea kukiona chakula ghalani mwake mwenyewe amekiona mara ya kwanza kikiwa ndani ya gunia la mtu mwingine, na jambo hilo ndilo lililomwuma hata likawa jina la mwaka.

Vita vya Pili vya Dunia vilifika jikoni kwa njia ya bahari. Rangoon ilipotekwa na Wajapani mwezi Machi 1942, mchele wa Burma ambao miji ya pwani ilikuwa imeuzoea ulikatika. Unguja, mgao wa chakula ulifuata taifa aliloandikiwa mtu: waliohesabiwa kuwa Waarabu au Wahindi walitazamiwa kula mchele, na waliohesabiwa kuwa Waafrika wakaelekezwa kwenye unga wa mahindi. Hapo swali la "wewe ni nani?" na swali la "wala nini?" yakawa swali moja, na karani akawa ndiye mwenye jibu. Wanaochunguza chanzo cha uhasama wa miaka ya 1950 na 1960 visiwani wasiisahau ile karatasi ya mgao.

Barani Kenya, serikali ya kikoloni iliunda utaratibu wa kudhibiti biashara ya mahindi mwaka 1942, na mwaka uliofuata upungufu ulikuwa mkubwa hata ikaundwa tume ya kuchunguza sababu zake. Wakikuyu waliiita njaa ya mwaka 1943 Ng'aragu ya Mianga, yaani njaa ya mihogo, kwa kuwa muhogo ndio ulioliwa badala ya chakula walichokizoea. Hapa naomba msomaji asimame nami kidogo. Katika nyumba ya Mombasa, jioni ya Ramadhani, muhogo uliotiwa tui zito na pilipili ni chakula kinachongojewa kwa hamu tangu alasiri. Katika nyumba ya Murang'a, kwa mzee aliyekuwa mtoto mwaka 1943, jina la mmea uo huo ni jina la mwaka wa aibu, mwaka ambao baba alishindwa kuwalisha wanawe. Mmea ni mmoja. Kamusi yaweza kuwapa wote wawili fasili moja, na kila mmoja akasema: sicho nilichokula mimi.

Ukame wa mwaka 1984 ulileta mahindi ya njano kutoka ng'ambo, na wengi waliokuwa watoto wakati huo hawajasahau rangi ya ugali wake. Baada ya hapo mapishi ya dhiki hayakupewa majina ya miaka tena, bali majina ya mbinu. Mboga inayopatikana kwa bei nafuu imeitwa sukuma wiki, kwa maana ya kuisukuma juma ifike mwisho wake. Asiyemudu gunia hununua kwa gorogoro, kopo la kadiri ya kilo 2. Maneno haya hayana fahari ya biriani, wala hayatatajwa katika sherehe. Lakini mwanahistoria wa miaka 100 ijayo akitaka kujua jamaa za mjini zilivyoishi, atapata mengi zaidi katika sukuma wiki kuliko katika biriani.

Furaha, Msiba na Sahani Isiyorudi Tupu

Isidhaniwe kuwa tumekuja kuomboleza tu. Jiko lina kalenda yake ya furaha, na kila tukio lina chungu chake. Mwanamke aliyejifungua hupikiwa vyakula vyenye pilipili manga ili mwili wake upate moto, na kwa siku arobaini yeye hupikiwa, hapiki. Siku ya arusi majungu hutolewa nje, na mara nyingi wapishi wa majungu hayo ni wanaume. Chakula cha kila siku ni cha mama, cha umati ni cha mpishi aliyeitwa. Barani nako chapati, iliyokuja na watu wa Bara Hindi, imekuwa chakula cha Krismasi na cha mgeni mheshimiwa, hata kuna watoto waliokua wakiamini kuwa ni chakula cha kwao tangu mwanzo wa dunia. Nao wana haki, kwa kuwa kwao imekwisha kuwa hivyo.

Msiba nao una upishi wake, nao ni upishi wa watu wengine. Katika nyumba iliyofiwa hakuinjikwi chungu siku za mwanzo. Majirani ndio huleta chakula. Desturi hii ina msingi katika mafunzo ya dini, lakini ina hekima inayoeleweka na kila mtu. Moto unaozimwa katika nyumba moja huwashwa maradufu katika nyumba za jirani, na yule aliyeondokewa hali chakula cha mkono wake mpaka apate nguvu za kusimama tena mbele ya mafiga yake.

Vivyo hivyo, katika Ramadhani watoto hutumwa kabla ya magharibi na sahani zilizofunikwa kawa. Sahani iliyokuja na kaimati hurudi na tambi. Iliyokuja na ndizi za nazi hurudi na sambusa. Sheria yake haikuandikwa popote, ila kila mtoto huijua: sahani hairudi tupu. Ukichora ramani ya safari za sahani hizo kwa mwezi mmoja, utakuwa umechora ramani ya jamaa, ya ujirani, na ya ugomvi pia, kwa maana nyumba isiyofikiwa na sahani hujulikana.

Tamati

Mwezi Mei 2020, katika Ramadhani, serikali iliufunga Mji wa Kale wa Mombasa kwa ajili ya maradhi ya korona. Watu walizuiwa kuingia na kutoka. Mimi nilikuwa ndani, nyumbani kwa nyanya. Mtaani kwetu sahani zilisimama. Jioni ya kwanza nyanya alipakua sahani tano kama ada yake, akazipanga mezani, akazitazama. Kisha akazirudisha chunguni moja moja bila ya kusema neno. Nimesoma mengi kuhusu maana ya jamii. Sikumbuki ukurasa ulionifunza kama mikono ile.

Siku hizo ndizo nilizoanza kuyaandika maneno yake kwa utaratibu, katika daftari la shule. Nilipata majina ya vyungu, ya mikate, ya vipimo vya mkono, ya hatua za moto. Siku moja alikuwa akikamua nazi. Kasimile aliiweka kando. Tui la pili akalitilia mbaazi. Kisha akamimina maji mara ya tatu juu ya chicha kilichokwisha kuwa kama vumbi, akakikanda tena, akapata maji meupe mepesi aliyoyatumia kuchemshia kunde. Maji hayo aliyaita kwa jina lake. Nilikuwa na sahani mkononi, nikajiambia nitaandika baadaye. Mwaka uliofuata tulimzika. Nimewauliza mama na dada zake, na kila mmoja ananiambia kuwa yeye huyaita tui jepesi tu.

Huenda neno hilo lipo katika nyumba nyingine ya Mombasa, Lamu au Vanga. Huenda lilikuwa la nyumba ya mama yake tu, au lilikuja na mwanamke ambaye historia haikumwandika, kutoka lugha ya bara aliyonyang'anywa. Neno lile lilikuwa la wakati wa dhiki, neno la mtu anayekamua mara ya tatu kwa sababu nazi ni moja na watoto ni wengi. Maneno ya neema, kama pilau na biriani, yana watetezi wengi na hayatapotea. Yanayopotea ni ya kukamua mara ya tatu.

Kwa hiyo twapendekeza kwa wenzetu wa idara mambo mawili. Kwanza, wanafunzi wetu wanapopelekwa kukusanya msamiati, wasitumwe bandarini, sokoni na msikitini tu. Wapelekwe jikoni, na wanawake wawe ndio walimu wao, tena kabla ya chakula kuiva, si baada yake. Pili, kila jina la chakula liandikwe pamoja na siku yake: kilipikwa na nani, kwa ajili ya nani, mwaka gani wa neema au wa njaa, na chungu kilipoepuliwa ni nani aliyepata nyama na ni nani aliyeachiwa ukoko. Jungu kuu halikosi ukoko, walisema. Lakini hawakusema kwamba ukoko hujikwangua wenyewe.